Makindu na Wapita Njia Wake

Kiu ndiyo iliyopanga miji ya barabara ya Mombasa. Kabla ya reli na kabla ya lami, msafiri aliyetoka pwani kwenda bara aliingia nyika ya Taru, na huko hesabu yake yote ilikuwa maji. Kulikuwa na mashimo kwenye miamba ya Taru yaliyojaa mvua ikinyesha na kukauka jua likizidi, na msafara uliokuta mashimo matupu ulilazimika kukaza mwendo mpaka chini ya milima ya Taita. Mbele yake kulikuwa na Voi, mto Tsavo, chemchemi za Kibwezi, kisha Makindu. Majina hayo ndiyo anayoyaita makanga wa basi hadi leo. Anayedhani kwamba hoteli za Kibwezi zilianza na mabasi ameishika hadithi mkiani.

Nimezaliwa Makindu, katika nyumba za reli, na nilifundisha historia katika shule za Makueni mpaka nikastaafu. Vijana wanaofungua vibanda na hoteli kando ya barabara hunijia na swali moja: "Mwalimu, magari yanapita tu. Tutayasimamisha vipi?" Hutarajia niwape habari za mabango na taa za rangi. Mimi huwarudisha kwa wapagazi, kwa mafundi wa reli na kwa mama zetu waliouza mayai usiku, kwa maana naamini kabisa kwamba watu hao walikwisha kulijibu swali hilo. Msafiri husimama pale anapopata anachokihitaji kabla hajaulizwa ana pesa ngapi. Mahali pa namna hiyo huendelea kuishi hata chombo cha kusafiria kikibadilika. Mahali panapomshika kwa sababu tu hana pengine pa kwenda, hufa siku anapopata pengine.

Watu wetu waliijua njia hii kwa miguu yao kabla hawajauza chochote kandoni mwake. Katika miaka ya 1830 na 1840, misafara ya Wakamba ndiyo iliyoshusha pembe nyingi za ndovu pwani. Kiongozi wao aliyevuma kuliko wote alikuwa Kivoi wa Mwendwa wa Kitui. Mwaka 1849 alimpokea kwake mmisionari Johann Ludwig Krapf, na ni katika safari hiyo Krapf alipouona Mlima Kenya. Miaka miwili baadaye Kivoi aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana, Krapf akiwa naye msafarani. Mtu aliyewahi kulala nyikani bila maji hujua mgeni anataka nini anapotokea mlangoni. Kwa bibi yangu ilikuwa sheria: mgeni hupewa kata ya maji, anywe mpaka atue pumzi, ndipo aulizwe ametoka wapi na ni mtoto wa nani. Mtoto aliyeanza na maswali alirudishwa jikoni.

Misafara ya watu wa pwani, na baadaye ile ya Kampuni ya Imperial British East Africa, ilikuwa na mamia ya watu. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, na posho yake ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Piga hesabu: msafara wa watu 300 ulihitaji vibaba 300 kila jioni, na hakuna aliyeweza kubeba akiba ya safari ya miezi. Ilibidi chakula kinunuliwe njiani. Wanawake wa Ukambani walishuka kambini na unga, kunde, mtama na viazi vitamu, wakarudi na shanga, waya wa shaba na vitambaa vya amerikani. Soko lilifunguliwa wakati msafara unapiga kambi na kufungwa ukiondoka alfajiri. Biashara zetu za kando ya barabara zilianzia hapo, chini ya mti, bila duka wala mlango.

Lakini upokezi una pande mbili, na historia ya njia hii ina ushahidi wake. Mwaka 1890 Frederick Lugard, mtumishi wa kampuni hiyo, alijenga boma lake huko Dagoretti, baada ya kula kiapo cha undugu na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu wa huko. Watu wa boma walipoanza kuchukua chakula mashambani bila kulipa, wenyeji waliacha kuwauzia, wakalishambulia boma na kulichoma. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa akapelekwa pwani kwa miguu chini ya ulinzi. Hakufika. Alifia Kibwezi, na huko ndiko alikozikwa. Kila nipitapo Kibwezi na kuwaona abiria wakinunua asali kwa chupa, namkumbuka mwenyeji yule aliyelala katika ardhi ya mji wa wasafiri kwa sababu wageni wake walikataa kulipia chakula.

Reli ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India. Wapatao 2,500 kati yao walikufa kazini, na chini ya 7,000 walibaki Afrika Mashariki mikataba yao ilipokwisha. Simba wa Tsavo wa mwaka 1898 wamekwisha kuandikwa vya kutosha, kwa hiyo mimi nabaki na maji. Wajenzi walipovuka Taru, maji yao ya kunywa yaliletwa kwa treni kila siku kutoka nyuma. Reli ilipokamilika, injini zenyewe ndizo zilizokuwa na kiu. Injini ya mvuke haiendi mbali bila kujazwa maji, na kila ilipojazwa palihitajika tangi, bomba, watu wa kulilinda na nyumba za watu hao. Makindu ilipata vyote, pamoja na karakana ya injini. Babu yangu alikuwa mmoja wa walinzi wa tangi, na mshahara wake ndio uliotuleta mjini kutoka vilimani Mbooni.

Treni za mwanzo hazikuwa na behewa la chakula. Safari ya Mombasa hadi Nairobi ilichukua karibu siku nzima na usiku wake, na abiria walikula kwenye nyumba maalumu za shirika la reli zilizojengwa karibu na stesheni kwa mtindo wa Wahindi, zilizoitwa dak. Jioni treni ilisimama Voi kwa chakula cha usiku. Asubuhi ilisimama Makindu kwa kifungua kinywa. Wazungu kadhaa walioandika habari za safari zao wamenung'unikia nyama ngumu na mchuzi wa maji maji wa nyumba hizo, na sishangai, kwani mpishi aliyejua kwamba abiria hana pengine pa kula hakuwa na sababu ya kuhangaika. Mabehewa ya chakula yalipoanza kufungwa kwenye treni, meza hizo zilikosa walaji mara moja, na hakuna aliyezililia.

Abiria wa daraja la tatu hawakuwahi kuketi kwenye meza hizo. Walikuwa Waafrika na Wahindi maskini, na chakula chao kilipitia dirishani. Kwa hiyo Makindu ilikuwa na biashara mbili za chakula tangu mwanzo, ile ya meza na ile ya dirisha. Ya meza ilikuwa na mkataba, sahani za udongo na watumishi waliovaa kanzu. Ya dirisha ilikuwa na mwanamke, beseni na sauti yake, na ndiyo iliyoishi zaidi ya miaka themanini.

Mama yangu alikuwa mmoja wa wanawake wa dirishani katika miaka ya 1960. Naomba niieleze kazi ile kwa kirefu, kwa maana ilikuwa na ufundi ambao vijana wa leo hudhani umegunduliwa juzi. Mayai yalichemshwa jioni, yakaachwa ndani ya maji yake moto, sufuria ikaviringishwa kwa gunia na juu yake kanga nzito, ili treni ya usiku ikifika yawe bado yanaunguza vidole. Chumvi iliyochanganywa na pilipili kidogo ilifungwa katika vipande vya gazeti, kila yai na kifurushi chake. Muda wa biashara ulikuwa ule wa injini kunywa maji, na mama aliupima kwa kusikiliza sauti ya tangi.

Wengi wangekimbilia dirisha la kwanza na kuanza kuuza. Mama hakuuza chochote katika mzunguko wa kwanza. Alishika koroboi juu kidogo ya uso wake, ili abiria amwone yeye kwanza, kisha beseni, akatembea urefu wote wa mabehewa akiita polepole: "Mayai, baba. Mayai moto, mama. Muda unatosha, msiharakishe." Watu waliamka, wakatafuta sarafu mifukoni, wakaamshana. Aliporudi kutoka behewa la mwisho, mikono ilikuwa tayari nje ya madirisha. Alitoa yai kwanza na kupokea pesa baadaye. Injini ikipiga honi kabla hajalipwa, alisema, "Nenda salama, utanilipa ukirudi." Walikuwepo waliorudi na kulipa. Walikuwepo pia waliomwita kwa jina lake kutoka dirishani mwezi uliofuata, wakiwa na wenzao watatu au wanne wanaotaka mayai yale yale.

Kwa mkono wa pili alibeba debe dogo la maji na kikombe cha bati. Maji hayo hakuyauza. Aliwapa watoto, na mtu mzima aliyeomba hakunyimwa. Nilipokuwa msichana nilimuuliza kwa nini anabeba uzito huo bure, akanijibu kwa hesabu ya mfanyabiashara: mtoto akinywa atanyamaza, akinyamaza mama yake atatulia, na mama aliyetulia hukumbuka kwamba na yeye ana njaa. Baada ya kusema hivyo akaongeza kwamba hata kama yule mama hana senti, mtoto amekunywa. Sababu zote mbili zilikuwa za kweli kwake, wala sikuwahi kumwona akizitenganisha.

Hatua chache kutoka jukwaa lile la treni ndipo lilipo jambo ambalo limeifanya Makindu ijulikane kuliko miji mikubwa kuizidi. Wahindi waliofanya kazi katika reli, Masingasinga, Wahindu na Waislamu, walikuwa wakikutana jioni chini ya mti karibu na njia ya reli kumsifu Mungu pamoja. Mwaka 1926 Masingasinga wa reli walijenga hapo hekalu lao, gurdwara. Desturi yao, tangu enzi za Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, ni kuwa na jiko katika nyumba ya ibada, na katika jiko hilo kila anayefika hulishwa bila kuulizwa dini, kabila wala hali yake. Jiko hilo huitwa langar. Kwingineko langar nyingi huhudumia zaidi majirani na waumini. Makindu iko njiani, kwa hiyo langar yake ikawa ya wapita njia.

Kama hujawahi kusimama pale, hivi ndivyo inavyokuwa. Unavua viatu, unanawa mikono, unafunika kichwa kwa kitambaa. Kama huna chako vipo vya kuazima. Hakuna nyama, pombe wala sigara ndani ya eneo lile. Unachukua sahani ya chuma, unapewa chapati, dengu, wali, mboga ya siku hiyo, na chai ya maziwa yenye tangawizi. Unatakiwa uchukue kile utakachomaliza. Unakaa na yeyote uliyemkuta: familia ya Nairobi inayokwenda likizo, dereva wa lori wa Kampala, mwanafunzi asiye na nauli ya kutosha. Ukimaliza hakuna anayekudai. Kuna sanduku la sadaka, na hakuna anayelitazama kuona umetia nini. Vyumba vya kulala vipo pia kwa waliochoka, kwa utaratibu huo huo. Jikoni wanafanya kazi Wakamba wa hapa hapa, na dengu za mji wetu zimepata ladha ambayo wageni huisifia.

Mtu wa biashara anaweza kuniambia: hilo ni hekalu, lina wafadhili, hoteli haiwezi kulisha watu bure. Ni kweli, na sijawahi kumshauri mtu afanye hivyo. Ninachowaonyesha vijana ni kilichotokea nje ya geti. Injini za dizeli zilipochukua nafasi ya zile za mvuke, na kufikia 1980 hivi mvuke ukawa umekwisha nchini, Makindu ilipoteza sababu yake ya kwanza ya kuwepo. Dizeli haisimami kunywa maji. Karakana ilinyamaza, nyumba za reli zikabaki na wazee, na mama alianza kurudi nyumbani na sufuria yenye mayai. Miji mingine ya stesheni katika njia hii ilibaki mabati na vumbi, ukipita leo hujui kwamba kuna watu waliowahi kufanya kazi pale. Makindu haikufa. Magari yaliendelea kukata kona kuingia kwetu kwa sababu ya ile sahani ya dengu, na gari likishasimama, watu wake hununua machungwa, hujaza mafuta, hutengeneza gurudumu, huulizia mafundi wa rejeta, hununua asali ya kupelekea nyumbani. Wauza matunda walipanga meza zao wakitazama geti la hekalu. Wanajua walichofanya.

Barabara nayo ina hadithi yake. Njia ya magari ilikuwa ya udongo mwekundu kwa muda mrefu, na lami ya njia nzima ilikamilika miaka ya 1960. Tangu hapo kilomita 480 na ushei kati ya Nairobi na Mombasa zimekuwa mwendo wa siku moja, na mahali pa kusimama paliamuliwa na mwili wa dereva zaidi ya injini. Mtito Andei, ulio karibu katikati, ukachukua nafasi iliyokuwa ya Voi na Makindu. Hifadhi ya Tsavo, iliyoundwa mwaka 1948, iliupa mji huo geti la watalii na marufuku ya kujenga pande zake nyingi, kwa hiyo kila kitu kilisongamana kwenye kipande kifupi cha barabara: vituo vya mafuta, hoteli, maduka ya vinyago, wauza ndizi.

Hoteli za Mtito Andei ziliendesha mambo kwa utaratibu ambao kila abiria wa Kenya anaujua hata kama hajawahi kuuona kwa macho. Basi likiingia, dereva na makanga hupita kwa mlango wa nyuma, huketi kwenye chumba chao, na huletewa kuku na chapati bila bili. Wao ndio waliowaleta abiria hamsini. Mimi siuoni ubaya wa utaratibu huo peke yake. Dereva aliyekula vizuri na kunyoosha mgongo ni usalama wa wote walio nyuma yake. Ubaya huanza pale mwenye hoteli anapohesabu kwamba mgeni wake ni dereva tu, na wale hamsini ni mzigo uliokuja naye. Hapo chai hupoa, bei hupanda baada ya kula, na chenji hucheleweshwa mpaka honi ipigwe.

Nimewahi kusafiri na dada yangu akiwa mjamzito, basi likasimama kwenye hoteli ambayo sitaitaja. Choo kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, na kijana wa mlangoni akadai risiti ya chakula kwanza. Dada yangu alikuwa hawezi hata kunusa chakula. Nililipia chai ambayo hakuna aliyeinywa, tukapewa ufunguo. Tangu siku hiyo ukoo wetu wote, na sisi ni wengi, haukutia mguu pale, na tumewaambia kila tuliyesafiri naye. Jengo lile sasa ni duka la vipuri. Mwanamke msafiri hukumbuka vyoo vya barabara hii kuliko anavyokumbuka mandhari yake, na nasema hivi kwa uzito wote kwa sababu wenye hoteli wengi ni wanaume na hawajalielewa.

Vinyago vile vya Mtito Andei navyo vililetwa na safari. Mutisya wa Munge wa Wamunyu alikwenda Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akajifunza huko uchongaji, akarudi nao nyumbani. Kufikia kizazi cha pili, maelfu ya Wakamba walikuwa wakiishi kwa patasi na tezo, na barabara ya Mombasa ikawa duka lao refu. Wachongaji waliouza vizuri walikuwa wale waliokaa nje wakichonga. Mtalii aliyeshuka kununua soda alisimama kutazama twiga akitoka kwenye gogo, akapewa kigoda, akaruhusiwa kushika patasi. Aliyenunua alinunua, na asiyenunua alikwenda kusimulia.

Pale Kiboko, mbele kidogo ya Makindu, J. A. Hunter, mwindaji aliyegeuka mwenye hoteli, alijenga Hunter's Lodge penye maji ya chemchemi, bustani na ndege wengi. Alikufa mwaka 1963, na kwa miaka mingi baada yake watu wa Nairobi waliendelea kusimama pale kwa chai chini ya miti ya migunga. Tofauti na mambo mengi aliyoyafanya maishani, kukiwemo kuwaua faru kwa mamia, bustani ile ilikuwa zawadi kwa nchi.

Mackinnon Road unastahili neno, kwa maana unaonyesha mambo mawili kinyume ndani ya mji mmoja mdogo. Baada ya Vita vya Pili Waingereza walianza kujenga pale bohari kubwa ya kijeshi, wakamwaga fedha na saruji, kisha kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 wakawa wameiacha. Kando yake lipo kaburi la Sayyid Baghali Shah, kibarua Mpunjabi wa reli ambaye inasimuliwa kwamba karai lake la udongo lilielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Msikiti uliojengwa kwenye kaburi hilo uko hatua chache kutoka barabarani. Wasafiri husimama kuomba salama ya njia, Waislamu na wasio Waislamu, hunywa maji, hunawa uso, hutoa kidogo, huendelea. Majengo ya jeshi yameliwa na nyika, na magari bado yanasimama kwa kibarua.

Tarehe 31 Mei 2017 treni mpya ya Madaraka Express ilizinduliwa, na ya moja kwa moja hutoka Nairobi hadi Mombasa kwa saa tano au zaidi kidogo. Ile inayosimama njiani ina vituo kama Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi na Mariakani. Makindu haimo. Vituo ni vikubwa, safi, na viko mbali na soko. Madirisha ya mabehewa hayafunguki kwa sababu ndani kuna hewa ya mashine. Mama yangu aliiona treni hiyo kabla hajafariki, ikipita kwenye tuta lake refu, akauliza abiria wananunua wapi. Nikamwambia wana mhudumu na kigari chake ndani. Alinyamaza, kisha akauliza kama mayai yake yanakuwa ya moto.

Pigo la pili lilikuwa la mizigo. Mwaka 2018 makontena yalianza kupanda reli mpya, na mwaka 2019 serikali ikaamuru shehena za kwenda Nairobi na bara zipite huko. Kulikuwa na maandamano Mombasa, amri ikalegezwa, ikarudi kwa namna nyingine, mpaka Septemba 2022 serikali mpya ilipoirudisha shughuli ya kukagua mizigo bandarini. Katika miaka hiyo, kutoka Mariakani mpaka Emali, niliona milango ikifungwa: vyumba vya madereva, mafundi wa matairi, mama wa githeri wa alfajiri. Sikuona geti la hekalu likikosa magari. Na nje yake niliona jambo jingine lililonifurahisha. Mwanafunzi wangu wa zamani aliyekuwa na kibanda cha chipsi kwa ajili ya matanboi alibadilisha kila kitu: akachimba choo cha wanawake chenye ndoano ya kutundikia mkoba, akaweka beseni la kumwoshea mtoto, akaandika bei ukutani kwa herufi kubwa, na mlangoni akaweka pipa la maji baridi na vikombe. Leo magari ya familia yanapanga foleni kwake siku za likizo. Nilipomuuliza amelipata wapi wazo la pipa, alisema ni mimi niliyewasimulia darasani habari za mama na debe lake.

Sasa inazungumzwa barabara kuu mpya ya kulipia kati ya Nairobi na Mombasa, yenye urefu wa kilomita 440 hivi, isiyopita katikati ya miji. Gari litaingia na kutoka penye makutano machache tu. Mikutano ya kukusanya maoni inapofanyika, nimeona wakiitwa wenye ardhi, wenye mabasi na wenye malori. Nataka waitwe pia wauza asali wa Kibwezi, wachongaji wa Mtito Andei, wazee wa gurdwara na mama wa machungwa wa Makindu, na waitwe kabla ramani ya makutano haijachorwa. Wao wana majibu ambayo mhandisi hana: basi la watoto wa shule hutaka kusimama kila baada ya muda gani, kivuli cha saa nane kiko upande upi wa barabara, maji ya kisima yapo wapi, na dereva anayetoka bandarini usiku huanza kusinzia karibu na kilomita ipi. Nimewaandikia wawakilishi wetu wa kaunti barua yenye majina ya maeneo manane ambayo makutano yanaweza kuwekwa bila kuukata mji na maji yake. La kwanza katika orodha hiyo ni pale penye tangi la zamani la reli, Makindu.